Kutoamini Mungu na Maadili ya Utu: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Dar es Salaam

Maswali haya nimeulizwa kijiweni Kariakoo, ndani ya daladala la Gongo la Mboto, kwenye jumbe za simu zinazoingia usiku kutoka kwa vijana wasiotaka jina lao lijulikane, na nyumbani kwetu. Mimi siamini kuwa Mungu yupo. Nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, katika ukoo wenye Waislamu na Wakristo, na bado nakaa nao vizuri. Siandiki kumtoa mtu kwenye dini yake. Ninachokitaka ni kwamba anayeacha kuamini asidhani kazi imekwisha, na anayeamini asidhani kuwa aliyeacha dini ameacha na utu.

Kutoamini Mungu na falsafa ya utu ni kitu kimoja?

Hapana, na kuchanganya haya mawili ndiko kunakozaa nusu ya ugomvi. Kutoamini Mungu ni jibu la swali moja tu: yupo au hayupo? Ukishajibu "hayupo", bado hujasema kama utamlipa dada wa kazi mshahara wake mwisho wa mwezi, kama utampa karani hela ili faili lako lipite mbele ya mengine, au kama utamtelekeza mtoto uliyemzaa.

Falsafa ya utu isiyofungamana na dini inaanzia hapo. Inasema kila binadamu ana thamani kwa kuwa ni binadamu. Inasema matendo yapimwe kwa namna yanavyowagusa wenye kuumia na kufurahi, madai yapimwe kwa ushahidi, na kazi ya kuirekebisha dunia ni yetu wenyewe kwa sababu hatumwoni mwingine wa kuifanya. Hilo ni chaguo la pili. Halifuati lenyewe baada ya lile la kwanza.

Mfano ulio wazi ni Ayn Rand, mwandishi aliyezaliwa Urusi na kuishi Marekani. Hakuamini Mungu hata kidogo, na alifundisha kwamba kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine si wema bali ni kosa. Nikiulizwa nani yuko karibu nami kimaadili, yeye au mama wa Mbagala anayeswali vipindi vitano na kuwapikia watoto wa jirani aliyelazwa Muhimbili, sihitaji muda wa kufikiri. Ni yule mama.

Usipoamini Mungu, nini kinakuzuia kuiba?

Hili huulizwa kuliko yote, na linastahili jibu la heshima.

Kinachonizuia mimi, mara nyingi, ndicho kinachokuzuia wewe. Umekuta simu imesahauliwa kwenye kiti cha mwendokasi. Kabla hujawaza moto wala pepo, unamwaza mwenyewe: namba zake zote, picha za mtoto, hela iliyomo ndani. Mencius, mwanafalsafa wa China aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliuliza nani anaweza kumwona mtoto mdogo akikaribia kutumbukia kisimani asishtuke. Alisema mshtuko huo hauji kwa sababu unatafuta sifa au unataka kujipendekeza kwa wazazi wa mtoto. Unakuja wenyewe, na hapo ndipo wema unapochipuka.

Juu ya huruma hiyo kuna malezi, kuna aibu, kuna mazoea, na kuna sheria. Mtu aliyelelewa kurudisha chenji iliyozidi huirudisha hata akiwa peke yake. Akiacha kwenda kanisani, mkono hausahau.

Hata hivyo sitaki kulipita jambo hili harakaharaka, kwa sababu wasioamini wengi hulijibu nusu. Hofu ya Mungu huwazuia baadhi ya watu kufanya ubaya. Nimewaona, na ninafurahi kuwa wanazuilika. Zaidi ya hofu, dini ina kitu ambacho sisi hatuna: kila Ijumaa au kila Jumapili mtu anakaa chini na kukumbushwa mbele ya wenzake kuwa anadaiwa wema. Anayeacha dini hupoteza ukumbusho huo siku hiyohiyo, na huruma peke yake huchoka. Humfikia mtoto aliye mbele ya macho, haimfikii yule wa Kigoma usiyemjua. Kwa hiyo asiyeamini anayetaka kuwa mtu mwema ana kazi ya ziada ya kujitengenezea mazoea: kutoa fungu la mshahara kila mwezi bila kungoja kuombwa, kuchangia damu kwa ratiba, kuwa na watu wawili watatu wenye ruhusa ya kumwambia "hapa umekosea". Asiyefanya hivyo huishi kwa akiba ya malezi ya wazazi wake, na sijui atawarithisha nini wanawe.

Sasa nani anasema kuwa jema ni jema?

Swali hili ni la zamani kuliko Ukristo na Uislamu. Plato, Ugiriki ya kale, aliliweka hivi: je, jambo ni jema kwa sababu miungu imelipenda, au miungu imelipenda kwa sababu ni jema? Ukisema ni jema kwa sababu tu limependwa, basi ukatili ungekuwa wema siku ungeamriwa. Ukisema limependwa kwa sababu ni jema, basi wema una sababu yake nje ya amri, na sababu hiyo hata mimi ninaweza kuitafuta. Wanazuoni wa dini zote mbili wana majibu yao, mengine ya kina sana. Ninachosema ni kwamba kumtaja Mungu hakumalizi swali.

Lakini kutomtaja nako hakulimalizi. Mwaka 1740 David Hume wa Uskochi alieleza kuwa waandishi wengi huanza na mambo yalivyo, kisha bila taarifa wanaruka kwenye mambo yanavyopaswa kuwa. Pengo hilo liko mpaka leo. Kujua kuwa njaa huwadumaza watoto hakukuambii kwamba unapaswa kuwalisha, mpaka uwe tayari unajali kama watadumaa. Mwaka 2010 Sam Harris, mmoja wa wasioamini mashuhuri wa Marekani, aliandika kwamba sayansi inaweza kutuambia lipi ni jema. Wanafalsafa wengi, wakiwemo wasioamini wenzake, walimpinga, nami niko upande wao: sayansi itakwambia dawa ipi inapunguza maumivu, lakini haikwambii kwa nini maumivu ya mtu wa mbali yakuhusu.

Njia zimependekezwa. Immanuel Kant, mwaka 1785, alisema fuata kanuni ambayo ungekubali ifuatwe na kila mtu, na usimtumie binadamu kama chombo tu. Jeremy Bentham, mwaka 1789, alisema hesabu furaha na maumivu ya wote wanaoguswa. Hakuna kati yao aliyefunga mjadala.

Mimi ninapoanzia ni hapa: maumivu yangu ni mabaya kwangu, na sioni sababu yoyote ya kweli inayofanya yawe na uzito kuliko yako. Siwezi kuithibitisha hatua hiyo kama hesabu za darasani. Naishika kwa kuwa kila anayejaribu kuikana naye huishia kudai haki kwa jina lake yeye akidhulumiwa. Azimio la Arusha la 1967 linaanza imani ya TANU kwa kusema binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili heshima. Sentensi hizo mbili zilisomwa na shehe, padri na asiye na dini, na kila mmoja alipata njia yake ya kuzikubali.

Si mmeyachukua maadili ya dini mkamwondoa Mungu?

Kwa kiasi, ndiyo. Aliyelisema hili kwa ukali zaidi hakuwa mhubiri. Alikuwa Friedrich Nietzsche, ambaye mwenyewe hakuamini. Mwaka 1889 alimshambulia mwandishi Mwingereza George Eliot na wenzake: mmemwacha Mungu wa Wakristo, akasema, halafu mnashikilia maadili yake kwa nguvu zaidi, wakati vitu hivyo ni kimoja na hamna haki ya kubaki na nusu.

Pigo hilo ni la kweli kwa yeyote anayedhani alizaliwa na maadili yasiyo na historia. Wazo kwamba maskini ana heshima sawa na tajiri lilibebwa karne nyingi na watu wa dini, na deni hilo nalikiri. Lakini tazama pwani yetu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 na kuwapokea watu waliokombolewa utumwani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, waumini wa dini zote mbili kubwa walinunua na kuuza watu, na wengi hawakuona kuwa imani yao inawakataza. Maandiko yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba watu walianza kuyasoma wakimwangalia aliyefungwa mnyororo. Kipimo hicho cha kumwangalia anayeumia ndicho muumini na asiyeamini wanaweza kukishika pamoja, na ndicho hutuwezesha kuchagua lipi tulichukue kutoka kwa wazee wetu na lipi tuliache.

Mbona Stalin na Hoxha hawakuamini Mungu, na waliua?

Ni kweli, na asiyeamini anayelikwepa swali hili anajidhalilisha. Utawala wa Stalin katika Umoja wa Kisovieti ulibomoa makanisa na kuua mapadri pamoja na mamilioni ya watu wengine. Albania chini ya Enver Hoxha ilifunga misikiti na makanisa mwaka 1967 na kujitangaza kuwa nchi isiyo na Mungu.

Kusema "hawakuua kwa sababu ya kutoamini" hakutoshi, kwa maana dini ilipigwa waziwazi kwa jina la kutoamini. Mimi nasoma humo ushahidi wa ninachokisema ukurasa mzima: ukiondoa Mungu usiweke utu, pale palipoachwa wazi patakaliwa na chama, na kiongozi, au na taifa. Tofauti ya njia hizi mbili inaonekana ndani ya nchi ileile ya Stalin. Andrei Sakharov, mwanafizikia wa Kisovieti, hakuwa mtu wa dini. Alitetea wafungwa wa dhamiri, wakiwemo waumini, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1975, na Januari 1980 serikali yake isiyoamini Mungu ikampeleka uhamishoni mji wa Gorky. Mwaka huohuo chama cha wafuasi wa falsafa ya utu cha Marekani kilimtunuku heshima yake ya juu. Hoxha na Sakharov wanakubaliana kuhusu mbingu. Kuhusu binadamu hawakubaliani hata kidogo.

Wale waandishi wakali wa miaka ya 2000 walisaidia au waliharibu?

Kati ya 2004 na 2007 vilitoka vitabu vya kuikosoa dini vya Sam Harris, Richard Dawkins, Daniel Dennett na Christopher Hitchens, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Viliwafikia vijana wengi hata huku kwetu, kupitia video za mijadala. Vilimpa mtu aliyekuwa peke yake na mashaka yake ujasiri wa kusema. Hilo lilikuwa jema.

Lakini vilijenga zaidi mwamko wa kukosoa kuliko maadili ya kuishi nayo. Paul Kurtz, mwanafalsafa wa Marekani aliyefanya kazi ya falsafa ya utu kwa miongo mingi, alitumia miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 2012 akionya dhidi ya kutoamini kunakojua kubomoa tu. Mwaka huohuo wa 2012 kundi la wasioamini lilipojaribu kuunganisha msimamo wao na haki za wanawake na vita dhidi ya ubaguzi, ugomvi mkubwa ulizuka kati ya wasioamini wenyewe: wengine walisema kutoamini hakudai zaidi ya kutoamini. Kimantiki walikuwa sahihi. Kimaadili, sijui mtu anawezaje kuridhika kuishia hapo. Mwaka 2021 chama kilekile cha Marekani kilichomtunuku Sakharov kilimnyang'anya Dawkins tuzo kiliyompa mwaka 1996, kikieleza kuwa kauli zake ziliwadhalilisha watu wa makundi yanayonyanyaswa. Ukubali uamuzi huo au uukatae, unaonyesha kwamba jina "asiyeamini" na jina "mtu wa falsafa ya utu" yamekuwa mawili.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, habari nzito zaidi ni ya Ayaan Hirsi Ali. Alizaliwa Mogadishu, akaishi Nairobi utotoni na ujanani, akaacha Uislamu, akawa karibu sana na waandishi hao. Novemba 2023 alitangaza kuwa sasa ni Mkristo, akisema pamoja na mengine kwamba kutoamini hakukumjibu swali la maana ya maisha. Wasioamini wengi walimkasirikia. Mimi nadhani alisema kweli kuhusu kutoamini: hakujibu swali hilo, wala hakukusudiwa kulijibu. Anayetafuta maana lazima aende mbali zaidi, na wasioamini waliokuwa karibu naye walipaswa kuwa na kitu cha kumpa.

Haya si mambo ya Wazungu?

Nimetaja Wazungu wengi, kwa hiyo swali ni la haki. Neno la Kiingereza "secularism", yaani kuendesha mambo ya umma bila kuyafunga na dini, lilipata umbo lake Uingereza mwaka 1851 kwa George Holyoake, aliyewahi kufungwa miezi 6 kwa kosa la kukufuru. Tamko la kwanza la falsafa ya utu la Marekani, mwaka 1933, lilitiwa saini na watu 34, baadhi yao wachungaji, na waliona kuwa wanaanzisha dini mpya ya utu. Umoja wa kimataifa wa vyama vya falsafa ya utu uliundwa Amsterdam mwaka 1952. Vyama, kweli, vilianzia huko.

Mawazo hayakuanzia huko peke yake. India ya kale ilikuwa na wanafalsafa wa Charvaka waliokana maisha baada ya kifo. Karne iliyopita Mhindi aliyejulikana kama Gora, asiyeamini kabisa, alifanya kazi vijijini dhidi ya ubaguzi wa matabaka na akajadiliana kwa kirefu na Gandhi, mcha Mungu, waliheshimiana. Nigeria, Tai Solarin aliyeikataa dini hadharani alianzisha shule ya Mayflower huko Ikenne mwaka 1956, akasomesha maelfu. Mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu, aliyefariki mwaka 2022, alionyesha kwamba Waakan, pamoja na kumwamini Mungu, huutambua wema kwa faida yake kwa watu na si kwa amri kutoka juu.

Nasi tunasema mtu ni watu. Kwenye msiba wa Dar turubai hufungwa, daftari la rambirambi hupitishwa, majirani hupika kwa zamu siku tatu, na hakuna anayeulizwa anaamini nini kabla ya kupewa sufuria aoshe.

Muumini anaweza kufuata falsafa ya utu?

Anaweza kushika maadili yake, na wengi wanayashika tayari. Kenneth Kaunda aliifanya falsafa ya utu kuwa dira ya Zambia akiwa Mkristo. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa. Tunachotofautiana ni pale tunaposimamisha hoja ya mwisho.

Hii ni dini nyingine?

Hapana. Hakuna ibada, hakuna kitabu kisichohojiwa, hakuna kubatizwa.

Je, kutoamini Mungu kunamwondolea mtu imani za uchawi?

Si lazima. Nawajua wasiosali wanaoogopa kurogwa kazini. Na jambo hili kwetu si la mzaha: watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya imani za utajiri, na ajuza wamechinjwa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi mwaka 2015. Hapa falsafa ya utu ina kazi iliyo dhahiri kuliko mjadala wowote wa kuwapo kwa Mungu, kwa sababu inadai ushahidi kabla ya kumshutumu mtu, na inadai mshutumiwa alindwe. Mapadri na mashehe wengi wako mstari wa mbele katika hili. Ningependa kuona wasioamini wa mjini wakiwaunga mkono, badala ya kushinda mtandaoni wakibishana kuhusu Safina ya Nuhu.

Nimeacha kuamini. Niwaambie wazazi?

Huna wajibu wa kutangaza. Kama unawategemea kwa ada, chakula au paa, subiri mpaka uweze kujitegemea. Kunyamaza si uongo. Ukiamua kusema, sema na mmoja mmoja, usiseme siku ya sikukuu, wala usianze na hoja. Mama hatauliza kuhusu Hume. Ataogopa kukupoteza, na pengine ataogopa kwamba hutamzika. Mjibu hilo: kwamba utaendelea kumwamkia shikamoo, utamuuguza, na siku yake ikifika utamzika kwa taratibu za imani yake, utasimama pale na kushika udongo pamoja na ndugu zako. Hayo si unafiki. Unamheshimu yeye.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Katiba ya 1977, ibara ya 3, inaitaja Jamhuri kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa mawazo na imani, pamoja na uhuru wa kubadili dini au imani. Sensa haijauliza dini tangu 1967, kwa hiyo asikudanganye mtu na idadi ya wasioamini nchini. Wakenya huulizwa: mwaka 2019 zaidi ya watu 750,000 walijitaja kuwa hawana dini, ingawa miongoni mwao wamo wanaomwamini Mungu bila kufuata dhehebu.

Uhuru wa kutoamini si ruhusa ya kukashifu. Kanuni ya Adhabu inamwadhibu anayekusudia kuumiza hisia za dini za mwenzake. Msimamo wangu ni kwamba hoja ijibiwe kwa hoja na si kwa jela, na ninausema nikimkumbuka Mubarak Bala wa Nigeria, aliyekamatwa mwaka 2020 kwa maandishi ya mtandaoni, akahukumiwa miaka 24 mwaka 2022, ikapunguzwa kuwa 5, akatoka Januari 2025. Lakini ishi ukiijua sheria iliyopo.

Ndoa unaweza kufunga bomani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kiserikali sawa na nyingine. Ukiitwa kutoa ushahidi mahakamani utaulizwa dini yako. Eleza kwamba huna, nawe utathibitisha kusema kweli bila kushika kitabu. Uongo utakaousema baada ya hapo ni kosa sawa na wa aliyeapa.